Mkunga Asiyejua Jana

Wanawake wa upande wetu wa Marani walimwita Mkunga tu, nami nitamwita hivyo hivyo. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na mikono yake ilikuwa midogo kuliko mwili wake, utadhani ameazima mikono ya msichana wa darasa la nne. Nimewasikia watu wakibishana kuhusu ukoo wake na alikotokea alipoolewa. Hayo siyajui vizuri wala sikuwahi kumuuliza. Ninachojua ni kwamba alisimamia uzazi wa watoto wangu watatu, na kwamba baadaye alinipa kazi moja ndogo, nami nikaiharibu.

Niliolewa Marani miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa nikifundisha darasa la kwanza katika shule ya kanisa iliyokuwa ng'ambo ya mto, na kwa ajili ya kazi hiyo mume wangu alininunulia saa ya mkononi. Mkunga aliidharau saa ile. Alisema ni mdudu aliyefungiwa kwenye kopo, anakwaruzakwaruza asijue anakwenda wapi. Yeye alipima mambo kwa vitu alivyoviona: chungu cha maharagwe kuiva, kivuli cha ghala kufika kwenye jiwe la kunolea, ng'ombe kurudi kutoka mtoni. Zaidi ya yote alipima kwa mvua ya alasiri, ambayo kwetu huja karibu kila siku na huwa haiombi ruhusa.

Nilipokuwa na uchungu wa mtoto wangu wa kwanza, aliweka kiganja tumboni mwangu, akatazama nje, akaniambia kwamba mvua ikianza kupiga migomba mtoto atakuwa mikononi mwake. Nilimchukia kwa utulivu ule. Lakini mvua ilipopiga migomba mtoto alikuwa analia, naye Mkunga alikuwa ananishika kichwa akininywesha uji kana kwamba hapakuwa na la ajabu.

Mtoto wa pili alikaa vibaya. Safari hiyo hakungojea mvua. Alitoka nje, akamkuta mume wangu na ndugu zake wameketi kula, akawaambia waache chakula walete machela. Mume wangu akasema wamalize kwanza. Mkunga alichukua sinia la ugali, akaliweka juu ya paa la banda la kuku, akawauliza kama sasa wamemaliza. Tulifika hospitali ya misheni jua likiwa bado juu. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, angezika wawili.

Nilipopona nilimuuliza alijuaje. Akanijibu, "Kuzalisha ni nusu ya kazi, Mwalimu. Nusu nyingine ni kujua wakati wa kuacha."

Alikuwa mpole kwa wanawake na mkali kwa wanaume, na kwa jambo hilo hakubagua mzee wala kijana. Alikuwa Msabato wa kweli, hakosi kanisani, amevaa gauni jeupe na kitambaa cha kichwa kilichopigwa pasi. Hata hivyo alinusa ugoro, kitu ambacho kanisa letu lilikikataza kabisa. Aliuficha ndani ya kibuyu cha mbegu za maboga. Nilipomfumania aliniambia Mungu anajua kazi anayoifanya na anajua inavyonuka, kwa hiyo hawezi kumlaumu mtu kwa kuipa pua yake kitu kingine. Kisha akanipa kidogo. Nikapiga chafya mpaka kuku wakakimbia, naye akacheka mpaka akashika ukuta.

Alikuwa amezaa watoto watano na kumzika mmoja, msichana aliyechukuliwa na surua akiwa bado mdogo. Hakumtaja sana. Ila jirani yetu alipofiwa na mtoto, Mkunga alikaa naye siku nyingi, na nilimsikia akimwambia kwamba huzuni ni kama mimba, ina miezi yake. Unaibeba, inakulemea, unadhani utakufa nayo, halafu siku yake inafika unaitua. "Hutasahau," alimwambia. "Lakini utaitua." Yule jirani aliniambia miaka mingi baadaye kwamba maneno yale ndiyo yaliyomfanya ale.

Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi, Mkunga akapata homa ya uti wa mgongo. Alilala hospitali majuma mengi, na kuna siku tuliambiwa tuandae kaburi. Hakufa. Alirudi amekonda, anatembea kwa fimbo, lakini alitujua sote kwa majina, aliuliza habari za ng'ombe wa kila mtu, na sauti yake ilikuwa ile ile. Tuliimba kanisani kumshukuru Mungu. Kitu kilichokuwa kimeondoka hatukukiona kwa sababu si kitu cha kuonekana.

Mimi nilianza kukishuku jikoni kwake. Nilimkuta anatafuna maharagwe mabichi ambayo hayajapata moto hata kidogo. Nilipomwambia hayajaiva alinitazama kwa mshangao wa kweli, akasema yako motoni. Siku nyingine chungu kilikuwa kimeungua mpaka kimepasuka, naye ameketi kando yake, macho wazi, anangoja. Nilipoingia alinisalimu. Nilitoka nje kumwita mkwewe aondoe moshi, nikarudi, naye akanisalimu upya, akaniuliza mbona nimepotea muda mrefu hivyo, watoto wamekuwa wakubwa?

Halafu ikaja habari ya Sabato. Jumamosi moja watu wakitoka kanisani walimkuta analima. Jumanne iliyofuata alipita njiani amevaa gauni lake jeupe, Biblia mkononi, akashangaa kukuta kanisa limefungwa. Wazee wa kanisa walimwita, wakamwonya kwa upole. Alilia mbele yao, akaahidi. Jumamosi iliyofuata akalima tena. Ndipo akaamua mwenyewe kwamba atashika Sabato kila siku, ili ile ya kweli isimpite. Hakushika jembe tena. Magugu yakameza viazi vyake, pareto yake ikakauka ikiwa imesimama shambani, na mke wa mwanawe akawa anampelekea chakula huku akinung'unika. Kanisa nalo lilikuwa limekwisha kuliondoa jina lake kwenye orodha. Hawakuwa watu wabaya. Hawakujua wanamhukumu kwa nini, na mimi niliyekuwa nimeanza kujua sikusema kitu.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa yule msichana wake wa surua. Nilimkuta ameketi mlangoni, analia kilio cha mtu aliyefiwa asubuhi hiyo hiyo. Niliogopa, nikadhani mwanawe amepata ajali. Akanitajia jina la yule mtoto. Nilimkumbusha kwamba ni miaka mingi sasa, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha huzuni ina miezi yake. Akatikisa kichwa. Alisema anakumbuka kumzika, anakumbuka hata rangi ya blanketi, ila haoni kama kuna kitu chochote kati yake na lile kaburi. Alikuwa ameibeba ile huzuni tena, na safari hii haikuwa na miezi.

Siku hiyo ndiyo aliyonifungulia moyo. Alisema kumbukumbu zake zote zipo, hakuna iliyopotea, ila hazikai kwa mstari.

"Nyinyi mnatembea njiani," aliniambia. "Mnaona mlikotoka na mnakokwenda. Mimi nimefungiwa chumbani, na kila kitu kimo humu humu. Harusi yangu imo. Mtoto wangu anakufa humu. Jua naliona, Mwalimu, lakini sijui kama ni la leo au lile la kabla yake."

Kabla ya hapo nilikuwa nimewaza, kama mtu mjinga, kwamba maisha ya namna hiyo huenda yana raha yake. Mtu asiyejua saa hana haraka, hachelewi, hazeeki moyoni. Nikimwangalia pale mlangoni niliona si hivyo. Hakuweza kungoja, maana kungoja ni kujua kitu kinasogea. Ukimwacha kwenda kisimani, kwake umemtupa milele. Hakuweza kutumaini, maana hakuwa na kesho ya kuwekea tumaini. Wala hakuweza kupoa. Jeraha hupona kwa siku, naye siku hakuwa nazo.

Nilimuuliza kuhusu kazi yake. Akasema mikono inajua. Akiweka kiganja tumboni anajua mtoto amelalaje, anajua njia imefunguka kiasi gani. Asichojua ni mama huyu ameteseka tangu lini. Akanishika mkono, akageuza saa yangu, ile aliyoiita mdudu, akaitazama kwa muda.

"Wewe unayo hii," akasema. "Nikikuuliza, niambie. Usimwambie mtu mwingine, mwanangu, wataninyang'anya kazi. Mimi bila kazi hii ni nini?"

Nilimwahidi. Alikuwa ameniokoa mimi na mwanangu, ningemkataliaje?

Tulizalisha wanawake wawili kwa namna hiyo, na mambo yalikwenda vizuri. Mimi niliketi pembeni kama msaidizi. Aliniuliza bila kugeuka, nami nilimjibu kwa sauti ya chini: tangu saa tatu, tangu saa sita, sasa ni saa nane. Alikuwa akiitikia kwa kichwa na kuendelea. Watu walisema Mkunga amepona, na mimi nikaanza kuamini hivyo.

Wa tatu alikuwa Kwamboka, mke wa mdogo wa mume wangu. Alikuwa msichana mchangamfu, mimba yake ya kwanza, amenifungulia moyo kama dada. Mimi ndiye niliyesema aitwe Mkunga. Mama mkwe alisita, alikuwa amesikia habari za gauni jeupe la Jumanne, lakini nilimhakikishia kwamba mikono yake haijabadilika.

Uchungu ulianza siku ya Alhamisi saa moja asubuhi. Nilimleta Mkunga, nikamwonyesha saa, nikaenda shuleni. Niliporudi jioni aliniuliza, nikamjibu sawasawa. Alisema wa kwanza huchelewa, tungoje. Ijumaa asubuhi nilikuwa na darasa la watoto sitini na hapakuwa na mwalimu mwingine, kwa hiyo nilikwenda tena. Nilijiambia wapo wanawake wengine mle nyumbani. Nilijua kabisa kwamba hakuna hata mmoja wao ambaye angeulizwa lile swali.

Niliporudi ilikuwa saa tisa alasiri. Mvua ilikuwa imeshapita. Kwamboka alikuwa amelala ubavu, midomo imekauka, hapigi kelele tena. Mama mkwe na shangazi wawili walikuwa wameketi ukutani. Mama mkwe alikuwa anasema kwamba hospitalini wanawake hupasuliwa kwa kisu, kwamba katika boma lile hakuna mke aliyewahi kushindwa kuzaa, na kwamba jua likizama ni Sabato, sasa wanaume watabebaje machela kupanda milima yote ile?

Mkunga alikuwa amepiga magoti, kiganja tumboni. Bila kugeuka akaniuliza, "Mwalimu, nimemshika huyu tangu lini?"

Wanawake wote wakanigeukia. Niliona nikisema ukweli, swali litakalofuata litakuwa kwa nini Mkunga hajui. Ningelazimika kueleza kwamba nimemleta mtu asiyejua siku amshike mke wa watu, na kwamba nilikuwa ninajua. Mama mkwe alikuwa ananitazama moja kwa moja.

"Tangu asubuhi," nikasema.

Sikusema asubuhi ya lini. Nilikuwa nikijitetea kwa hilo kwa miaka mingi, kwamba sikusema uongo, asubuhi ni asubuhi. Wale wanawake walisikia asubuhi ya jana, Mkunga akasikia ya leo, akaitikia kwa kichwa. "Basi bado," akasema, akamfuta Kwamboka jasho, akamwambia maneno mazuri ya kumtia nguvu.

Walimbeba Jumamosi alfajiri, Sabato ikiwa Sabato, baada ya mume wake kuingia mwenyewe na kumwona. Kwamboka alikata roho njiani, kwenye mlima wa mwisho kabla ya kuona mabati ya hospitali. Mtoto alikuwa amekwisha kufa ndani yake. Alikuwa wa kiume.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo waliita kikao. Mkunga aliwekwa kwenye kigoda katikati, na mzee mmoja akamuuliza kwa nini alikaa na mke wao siku mbili bila kusema neno. Nilikuwa nimeketi na wanawake. Nilijua atasema aliniuliza mimi. Nilikuwa nimeandaa jibu.

Hakunitaja. Aliwatazama wale wazee kama watu waliomkatiza kazini. Akawaambia wamrudishe kwa Kwamboka, kwamba mtoto yuko karibu, si vizuri kumwacha mama peke yake wakati kama huu. Akainuka kwenye kigoda aende. Walimshika mabega wakamkalisha. Akainuka tena. Mume wa Kwamboka alitoka pale akaenda nyuma ya nyumba, na sote tulimsikia akilia.

Tangu hapo hakuna aliyesema tena kwamba Mkunga ni mzembe au mchawi. Walielewa. Walisema masikini, homa ilimharibu, nani angejua? Mama mkwe alinifariji hata mimi. Mwana mkubwa wa Mkunga, ambaye alikuwa amepata shamba kule Nyansiongo kwenye mashamba yaliyokuwa ya Wazungu, alikuja akamchukua. Mimi sikwenda kumuaga. Nilijiambia kwamba kwake kuaga au kutoaga ni mamoja.

Miaka kumi hivi ikapita. Nilizaa mtoto mwingine, hospitalini. Habari ya lile jibu langu sikumwambia mtu yeyote, hata mume wangu. Watoto wangu walipokuwa sekondari nilitumwa kwenye mkutano wa walimu huko Borabu, upande wa Nyansiongo, na siku ya mwisho nilikutana na mwanawe Mkunga akipeleka maziwa. Alinikaribisha kwa furaha kiasi kwamba nilishindwa kukataa.

Nyansiongo kuna baridi na nafasi. Mashamba ya mahindi yananyooka mpaka macho yanachoka, si kama vipande vyetu vya kuning'inia milimani. Mke wa mwanawe huyo, mwanamke mwenye subira usoni, alinipokea getini. Aliniambia mama ni mzima wa mwili, anakula, analala, hana shida. Ila haachi kunawa mikono. Maji huwekwa kwenye karai kando yake, ananawa, anakausha, ananawa, mpaka ngozi imekuwa nyeupe kama ya mtu wa kufua.

Alikuwa ameketi barazani juani. Alikuwa amezeeka sana. Yale mabega yalikuwa yamekwisha, lakini mikono ilikuwa ile ile, midogo, safi, imelowa. Nilikuwa na hofu kwamba hatanijua. Na katika hofu hiyo, niseme ukweli, kulikuwa na tumaini.

Aliinua uso. "Mwalimu, umerudi," akasema. "Nimemshika huyu tangu lini?"

Sikuuliza ni nani. Mke wa mwanawe alikuwa ameingia ndani kutia chai. Tulikuwa wawili tu. Miaka yote ile nilikuwa nimewaza kwamba ningepewa nafasi moja ya kujibu tena ningejibu vizuri, na sasa nilikuwa nimepewa.

"Tangu asubuhi ya jana, mama," nikamwambia.

Mikono ikasimama ndani ya maji.

"Jana?" akasema. "Na bado mnakaa?" Akainuka, akateleza, akashika nguzo. Uso wake ulikuwa ule wa siku ya sinia la ugali. "Waite wanaume. Machela sasa hivi. Usimsikilize mama mkwe wako, Mwalimu, mtoto amechoka, huyu hawezi tena peke yake. Waite."

Alishuka barazani kabla sijamshika, akaenda mpaka getini miguu mitupu, akaanza kuita. Aliita majina ya shemeji zangu, mmoja mmoja, kwa sauti ambayo sikudhani bado anayo. Wawili kati ya wale aliowaita walikuwa wamekwisha kufa. Ng'ombe waliinua vichwa. Mtu aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama akatazama, kisha akaendelea.

Mke wa mwanawe alitoka mbio, chai ikimwagika. Alijaribu kumrudisha, lakini Mkunga aliuchomoa mkono wake na kuzidi kuita. Ndipo yule mwanamke akanigeukia, akaniuliza nimemwambia nini. Nikamweleza.

"Ah, mwalimu," akasema bila hasira. "Sisi humwambia ni kitambo kidogo tu. Hapo hutulia. Ukimwambia siku nyingi atasimama pale mpaka aanguke. Mwaka juzi alivunjika mbavu hivyo hivyo. Tafadhali, wewe anakusikiliza. Mwambie."

Nilikwenda getini. Alikuwa anatetemeka, sauti imeanza kukauka, anatazama barabara isiyokuwa na mtu. Nilisimama kando yake. Hakunitazama, lakini alijua nipo, na aliniuliza tena, kama alivyokuwa akiniuliza siku zote, bila kugeuka.

"Tangu asubuhi, mama," nikasema. "Asubuhi hii."

Mabega yake yakashuka. Akaacha geti.

"Basi bado," akasema. Akanishika mkono, tukarudi polepole barazani, akaketi, akauliza kama maji yapo.